Faili la Mgonjwa Likiwa Mtandaoni: Mmiliki Wake ni Nani?

Mjamzito wa wiki 34 anafika katika zahanati moja ya Kwa Mrombo, upande wa kusini wa Jiji la Arusha, akilalamika kwamba kichwa kinamgonga tangu jana yake. Shinikizo lake la damu ni 150/100. Kadi yake ya kliniki ililoweshwa na mvua za masika, wino ukatawanyika, na kinachosomeka ni jina lake na tarehe anayotarajiwa kujifungua.

"Mama, ulipoanza kliniki presha yako ilikuwa ngapi?" anaulizwa.

"Sikumbuki, nesi. Lakini si yule dada wa mwanzo alikuwa anaandika kila kitu kwenye kompyuta?"

Ni kweli, alikuwa akiandika. Muuguzi anafungua kompyuta, anabonyeza kiungo kilekile ambacho wenzake hubonyeza kila siku ya kliniki, na jibu linalotokea ni kwamba faili hilo halipo.

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya somo, na zahanati hiyo haina jina. Lakini hakuna hatua yake hata moja ambayo haiwezi kutokea kesho katika kituo chochote kinachohifadhi kumbukumbu zake katika huduma za mtandaoni kama Google Drive, OneDrive au Dropbox. Kabla ya kueleza faili lilikwenda wapi, yafaa kueleza kwanza kwa nini swali la muuguzi lilikuwa na uzito. Shinikizo la 140/90 au zaidi lililoonekana kabla ya wiki ya 20 ya ujauzito kwa kawaida huonesha kwamba mama alikuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu hata kabla ya kupata mimba. Likianza baada ya wiki ya 20, na hasa likiambatana na protini kwenye mkojo, mtoa huduma anafikiria hali inayotangulia kifafa cha mimba. Kipimo cha leo peke yake hakitofautishi hali hizo mbili. Kinachozitofautisha ni mfululizo wa vipimo vya nyuma. Mkojo utapimwa papo hapo, na mama mwenye maumivu ya kichwa na shinikizo la namna hiyo atapewa rufaa bila kusubiri, kama inavyotakiwa; lakini huko aendako ataulizwa tena presha ilianza lini, na hatakuwepo wa kujibu.

Namna faili lilivyopotea

Miaka mitatu kabla ya siku hiyo, mkunga wa zahanati alitengeneza jedwali katika akaunti yake binafsi ya Google. Hakufanya hivyo kwa uzembe. Kitabu cha wajawazito cha MTUHA kilikuwepo na kilijazwa, lakini kitabu hakimwambii mtu kwa haraka ni akina mama gani watano waliokosa hudhurio wiki hii, wala hakichori mstari unaopanda wa shinikizo la mama mmoja. Jedwali lilifanya hayo yote. Akaliweka ndani ya folda, yaani kabrasha la kielektroniki, akawashirikisha mganga mfawidhi, mtaalamu wa maabara na mtu wa mapokezi. Kwa kuwa wengine walisahau nywila zao mara kwa mara, hatimaye aliifungua folda kwa yeyote mwenye kiungo, na kiungo kikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi.

Kisha akapata ajira Babati. Aliagwa vizuri, akakabidhi funguo, sare na kipima presha. Hakuna aliyekumbuka folda. Mwezi mmoja baadaye simu yake ilianza kumwonya kwamba nafasi ya kuhifadhi imejaa. Alipopitia vitu vyake akaikuta folda ya zahanati, akakumbuka kwamba wenzake walikuwa wakiifungua kila siku katika kompyuta yao, akaamini kwamba wao wana yao na hii ni nakala yake tu. Akaifuta.

Dhana hiyo ndiyo kiini cha tatizo, na ni dhana ya watu wengi walio makini katika kazi zao. Faili linaloonekana katika simu nne si mafaili manne. Ni faili moja, liko kwenye seva, na madirisha manne yanalitazama. Mmiliki wake ni mmoja: aliyelitengeneza. Wengine wote, hata waliolihariri kila siku kwa miaka mitatu, ni waalikwa.

Zaidi ya hayo, mfumo haukupiga kelele. Katika Google Drive faili lililofutwa na mmiliki hukaa kwenye tupio kwa siku 30 kabla ya kuondolewa moja kwa moja, na ndani ya siku hizo waalikwa kwa kawaida bado wanaweza kulifungua. Ilani inayowaeleza kwamba faili liko kwenye tupio la mmiliki ni fupi, na muuguzi mwenye akina mama arobaini kwenye benchi haisomi. Laiti angeisoma, angetengeneza nakala na somo hili lisingekuwepo. Siku ya 31 haina ilani.

Nyumba ya kupanga

Anayefahamu Kwa Mrombo anafahamu nyumba zake za kupanga: ua mmoja, vyumba sita au nane mkabala, lango moja, bomba moja. Mfano huo unaeleza umiliki wa folda za pamoja vizuri kuliko maelezo mengi ya kitaalamu.

Folda ni ua. Aliyeitengeneza ni mwenye nyumba. Ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu nani aingie na nani atoke. Lakini kila mpangaji huja na kitanda chake. Mtaalamu wa maabara akiweka jedwali la matokeo ndani ya folda ya mkunga, jedwali hilo linabaki kuwa mali ya akaunti ya mtaalamu wa maabara, ingawa limo uani kwa mkunga. Akihama na kulifuta, mwenye nyumba hana la kufanya. Vivyo hivyo, mwenye nyumba akibomoa ua, vitanda vya wapangaji havichomwi moto: kwa kawaida vitarudi katika hifadhi ya kila mwenye navyo, vikiwa vimetawanyika na visivyojulikana tena vilikuwa vya kazi gani. Ndiyo maana katika kisa hiki matokeo ya maabara yalipatikana baadaye na vipimo vya presha havikupatikana.

Jambo la pili, ambalo huwashangaza hata wanaojiona wazoefu: kuuza ua si kuuza vitanda. Mmiliki akihamisha umiliki wa folda kwa mtu mwingine, mafaili yaliyomo ndani hayahami pamoja nayo. Kila faili lina mmiliki wake, na kila moja lazima likabidhiwe. Kituo kinachosema "folda tulishahamisha" kinapaswa kufungua faili mojamoja na kusoma jina la mmiliki.

La tatu linahusu nafasi. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, na nafasi hiyo ni ya barua pepe, picha na mafaili kwa pamoja. Faili huhesabiwa katika nafasi ya mmiliki wake. Kwa hiyo jedwali la wajawazito wa Kwa Mrombo lilikuwa likigombea nafasi na picha za harusi ya dada yake mkunga. Akaunti ikijaa kupita kiwango, faili jipya halipandishwi, na yaliyopo yanaweza kukataa kuhaririwa hata na waalikwa ambao akaunti zao ni tupu kabisa. Tena akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa na Google pamoja na vilivyomo. Utaratibu huo ulitangazwa mwaka 2023. Mtumishi aliyefariki, aliyekwenda masomoni au aliyebadilisha simu na kusahau nywila hawezi kuombwa aingie tena ili kuinusuru folda ya kituo.

Waliobaki na ufunguo

Kupotea kwa faili kuna huzuni yake, lakini huonekana. Faili linalosomwa na asiyehusika halionekani, na madhara yake kwa mgonjwa huweza kuwa makubwa zaidi.

Jedwali la mkunga lilikuwa na safu ya majina, namba za simu, mtaa, umri wa mimba, na safu moja yenye matokeo ya kipimo cha VVU. Folda ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye kiungo. Kiungo kilikuwa kwenye kundi la WhatsApp. Kundi lilikuwa na mtu wa mapokezi aliyeacha kazi mwaka uliotangulia, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aliyekaa wiki sita, na fundi wa kompyuta aliyeingizwa siku moja ili asaidie printa. Hakuna hata mmoja kati yao anayehitaji kuwa na nia mbaya. Inatosha simu yake ishikwe na mtu wa nyumbani. Kwa Mrombo watu wanachota maji pamoja na kupanda daladala moja. Jina, mtaa na umri wa mimba vinatosha kumtambulisha mwanamke hata namba ya simu ikifutwa.

Sheria haikukaa kimya juu ya jambo hili. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa matokeo ya kipimo cha VVU. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, inawataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti juu ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Sharti hili la mwisho linagusa kila hifadhi ya mtandaoni ambayo seva zake ziko ughaibuni, na wenye vituo wengi hawajalifikiria kwa sababu neno "wingu" linaficha ukweli kwamba taarifa zimelala ndani ya jengo fulani, katika nchi fulani.

Hapo panahitajika kutenganisha mambo ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. Umiliki ndani ya programu si umiliki wa taarifa. Programu inamtambua mkunga kuwa mmiliki kwa sababu akaunti yake ndiyo iliyotengeneza faili. Haijui kwamba alikuwa kazini, wala kwamba yaliyoandikwa yanamhusu mtu mwingine. Wajibu wa kuzitunza ni wa kituo kilichozikusanya. Mgonjwa naye anayo haki kisheria ya kujua ni taarifa gani zake zimehifadhiwa na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Mkunga aliyeondoka na faili hakuiba kitu kwa mujibu wa programu, wakati kituo kilichomwachia kilishindwa kutimiza wajibu wake kwa mujibu wa sheria.

Kinachofaa kufanywa

Jibu rahisi ni kupiga marufuku. Tangazo hubandikwa ukutani, hutiwa saini, na wiki hiyohiyo jedwali jingine huanzishwa kimyakimya katika simu ya mtu mwingine, kwa sababu hitaji lililolizaa la kwanza bado lipo. Marufuku inafaa kuanza na swali la nini kilimkosesha mkunga usingizi hadi akajitengenezea chombo chake.

Taarifa za matibabu za mgonjwa mmoja mmoja mahali pake ni kwenye mfumo rasmi wa kituo. Vituo vya umma vinatumia mifumo kama GoT-HOMIS, na takwimu za jumla hupelekwa ngazi za juu kupitia DHIS2. Vituo binafsi navyo vina mifumo yao. Folda za pamoja mtandaoni zinafaa sana kwa mambo yasiyomtaja mgonjwa: ratiba ya zamu, miongozo ya tiba, hesabu ya dawa stoo, mada za mafunzo ya asubuhi, fomu tupu. Hata hivyo umiliki unahitaji utaratibu huko pia. Ratiba ya zamu ikitoweka Ijumaa jioni, Jumamosi ina wagonjwa.

Kituo kinacholazimika kutumia hifadhi ya mtandaoni kiwe na akaunti za taasisi, si za watu. Katika huduma za kulipia za Google kwa taasisi kuna hifadhi za pamoja ambazo mafaili yake ni mali ya taasisi yenyewe. Mtumishi akiondoka, faili linabaki. Microsoft nao wana mpango unaofanana na huo. Wapo wanaokwepa gharama kwa kufungua akaunti moja ya bure yenye jina la kituo na kuwapa wote nywila moja. Hilo linaokoa umiliki lakini linazaa mengine: haijulikani nani alibadilisha kipimo gani, nywila haibadilishwi mtu anapoondoka, na namba ya kurejesha akaunti mara nyingi ni laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole za mtumishi ambaye yuko mkoa mwingine. Siku Google itakapotuma msimbo wa uthibitisho, utakwenda Babati. Kituo kidogo kisicho na njia nyingine angalau kisajili laini kwa jina la kituo chenyewe, ikae ofisini, na watu wawili wanaojulikana ndio wawe na nywila.

Kisha kuna siku ya makabidhiano, ambayo katika vituo vingi inahesabu vitu vinavyoshikika tu. Wiki mbili kabla ya mtumishi kuondoka, yeye na anayempokea wakae mbele ya skrini moja na kutafuta mafaili yote ambayo yeye ni mmiliki. Kwenye akaunti binafsi za Google, umiliki hauhami kwa kutuma ombi. Mpokeaji lazima akubali, na asipokubali mmiliki ni yuleyule wa zamani. Ombi likitumwa Ijumaa na mpokeaji akalisahau kwenye barua pepe, hakuna kilichofanyika. Baada ya kukubaliwa, mmiliki wa zamani hubaki mhariri hadi mmiliki mpya amwondoe, hatua ambayo watu huona haya kuifanya kana kwamba ni kumtuhumu mwenzao. Si tuhuma, kama vile kurudisha ufunguo wa stoo ya dawa si tuhuma. Umiliki pia hauvuki kutoka akaunti binafsi kwenda akaunti ya taasisi. Hapo hutengenezwa nakala na mtu wa taasisi, na nakala hiyo huwa mali ya upande wa taasisi. Historia ya mabadiliko haiji na nakala, kwa hiyo tarehe za vipimo ziwe zimeandikwa ndani ya jedwali lenyewe. Nakala ikishahakikiwa, faili la awali lifutwe mbele ya wote wawili, na tupio nalo lisafishwe, maana taarifa nyeti iliyobaki kwa mtu aliyeondoka ni taarifa iliyovuja.

Kuhusu ruhusa, mambo mawili yanatosha kwa kuanzia. Ufikiaji kwa kiungo uzimwe, kila mtu atajwe kwa anwani yake, na anayehitaji kusoma tu apewe kusoma tu. Pili, mmiliki azime uwezo wa wahariri kuwaalika wengine, ambao huwa umewashwa tangu mwanzo. Bila hivyo mwalikwa mmoja hufungua lango kwa kumi. Orodha ya walioruhusiwa isomwe kwa sauti kwenye kikao cha kila robo mwaka. Huchukua dakika tano, na mara ya kwanza huwa na vicheko pale jina la fundi wa printa linapotajwa.

Kadi iliyo mkononi mwa mama

Miaka mingi kabla ya intaneti, huduma ya mama na mtoto Tanzania ilikuwa imeshalitatua tatizo hili kwa karatasi. Kadi ya kliniki hukaa na mama. Akitoka Kwa Mrombo akahamia Mirerani, au akaenda kujifungulia kwao Rombo, kadi huenda naye, na mkunga asiyemjua huisoma kama aliyemwona tangu mwezi wa tatu. Hakuna nywila, hakuna uhamisho wa umiliki. Udhaifu wake ni mvua, panya na watoto wachanga wanaopenda kutafuna karatasi.

Kwa hiyo mgonjwa ana sehemu yake katika utaratibu huu. Kadi iwekwe kwenye mfuko wa plastiki. Baada ya kila hudhurio, picha ya ukurasa uliojazwa ipigwe kwa simu ya mgonjwa mwenyewe au ya mtu anayemwamini, isitumwe kwenye kundi lolote. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au seli mundu, ambaye safari yake na hospitali ni ya maisha, anaweza kuwa na daftari dogo la tarehe, kipimo na dawa. Na anapoona taarifa zake zinaandikwa kwenye simu ya mhudumu, anaweza kuuliza kwa adabu: "Samahani nesi, hiyo inakaa wapi, na nani mwingine anaiona?" Mhudumu anayejua jibu hatakasirika.

Mkunga wa Babati alipopigiwa simu alisikitika sana, akaingia kwenye akaunti yake akiwa bado hewani. Tupio lilikuwa tupu. Siku 37 zilikuwa zimepita. Alichoweza kutoa ni kumbukumbu yake mwenyewe: alimkumbuka mama huyo, alikumbuka kwamba hudhurio la kwanza presha ilikuwa "ya kawaida tu", lakini tarakimu hakuzikumbuka. Muuguzi aliyaandika maneno hayo kwenye barua ya rufaa, akayawekea alama kwamba yametolewa kwa mdomo, akaongeza matokeo ya mkojo aliyopata dakika kumi zilizopita, akampa mama barua hiyo ndani ya mfuko wa nailoni kabla ya kumpandisha kwenye gari.